Spea za Mahari ya Mama

Juzi nilikuwa Emali kutafuta tyubu ya wilbaro, na kando ya duka la spea palikuwa na fundi anayeosha cheni ya baiskeli kwa mafuta ya taa ndani ya mkebe wa rangi. Harufu ile ya mafuta ya taa iliyochanganyika na grisi kuukuu ilinipata sijajiandaa. Najua wengi wenu harufu hiyo huwakumbusha koroboi na kusoma huku macho yakiwasha. Mimi hunikumbusha mwaka ambao nilikaribia kumpoteza mama yangu kwa sababu ya baiskeli. Nilisimama pale nikinusa mpaka fundi akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina, nikaenda zangu, na tyubu nikaisahau.

Ili mnielewe, lazima nianze na baiskeli yenyewe. Ilikuwa blakmamba, zile nyeusi nzito zilizotengenezwa enzi ambazo watu hawakuwa wakionea chuma uchungu. Babu yangu mzaa baba aliinunua akifanya kazi ya reli, akazeeka nayo kule Migwani, na alipofariki ikawa ya Baba. Baba alipoajiriwa kufundisha upande huu wa Makueni, aliipandisha juu ya basi akaja nayo hadi Mukuyuni. Alikuwa juu yake siku aliyokutana na Mama akitoka mtoni na punda. Mama husema aliipenda baiskeli kwanza, na mwenye baiskeli akamzoea polepole.

Siku ya mazungumzo ya mahari wazee wa Migwani walikuja na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hana mke hata awe na cheti cha kanisa. Mbuzi walipokelewa vizuri. Shida ilikuwa fahali. Ukame wa mwaka huo ulikuwa umefagia mazizi, na fahali pekee aliyebaki kwa kina Baba alikuwa amekonda kiasi kwamba kumleta kungekuwa matusi. Mazungumzo yakakwama, chai ikapoa, na babu yangu mzaa mama, Mzee Ndambuki, akawa anaitazama ile baiskeli iliyoegemezwa kwenye ua. Babu hakuwa mtu wa kuomba. Alitazama tu, kwa utulivu, mpaka mzee mmoja wa Migwani akaelewa na kusema basi, badala ya fahali, chukueni hii. Baba hakuulizwa. Alirudi kwake kwa miguu, mke amepata, na klipu za suruali bado ziko kwenye vifundo vya miguu.

Nilizaliwa nikaikuta hali hiyo. Sisi tuliishi karibu na shule, kando ya barabara ya kwenda sokoni, na kila siku ya soko Babu alipita mbele ya nyumba yetu akiwa juu ya mahari ya Mama. Ungeisikia kabla ya kuiona. Breki zake zilikuwa za vyuma, na zilipokazwa zilipiga kelele iliyofanya kuku wa majirani wote wahamie upande mmoja wa barabara. Baba alikuwa akitoka nje kumsalimia mkwewe kwa heshima zote, kofia mkononi, lakini hata mimi mtoto niliona kwamba macho yake yanaisalimia baiskeli. Babu akishapita, Baba alibaki amesimama hapo kidogo, kisha anarudi ndani na kuanza kusahihisha madaftari kwa ukali usiokuwa wa kawaida.

Kuuliza hakuweza. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake kati ya mtu na wakwe zake. Kwa nthoni, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, habishani na baba mkwe, na kitu alichokitoa hakitaji tena, hata kwa kusifu, maana kukisifu ni kama kukiomba. Kwa hivyo wanaume hawa wawili waliongea kwa miaka kuhusu mvua, pojo, na mahubiri ya Jumapili, na baiskeli ikawa katikati yao ikisikiliza.

Sasa, Babu hakuwa mtu wa kupaka kitu mafuta. Aliamini kuwa kitu kilichotengenezwa vizuri hakihitaji kubembelezwa. Aliipakia mitungi ya maji, magunia ya mbaazi, na wakati mmoja kondoo dume aliyekataa kutembea, na alipofika nyumbani aliitupa kwenye ukuta kama jembe. Hata chuma cha zamani kina mwisho. Breki zikaanza kulegea. Ikafika mahali Babu akitaka kusimama kanisani anaanza kukaza breki akiwa bado kule kwenye posho mill, kinu cha unga, na siku nyingine bado alilipita kanisa huku akiinua mkono kuwaomba washirika msamaha.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba Muli, mdogo wake Mama, aliyekuwa akipakia na kupakua malori Emali. Mjomba alipenda kila kitu cha kisasa, na Emali palikuwa na watu waliouza spea za baiskeli za mtumba zilizotoka ng'ambo. Alikuja siku moja na breki za waya. Zilifungwa asubuhi, na mchana Babu akaenda kuzijaribu kwenye mteremko wa mtoni. Breki zilifanya kazi yao vizuri sana. Baiskeli ilisimama papo hapo, ila Babu, ambaye hakuna aliyemwambia naye asimame, aliendelea. Walimtoa kwenye ua wa minyaa, akapangusa koti, akasema hizi ndizo breki, zile zingine zilikuwa nyimbo.

Kuanzia hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Kiti cha ngozi chenye springi kilipopasuka, Mjomba alileta kingine chembamba cha wakimbiaji, na kwa muda Babu akawa anasimama ibada nzima akidai ni unyenyekevu. Usukani ulipopinda, ukaja ulionyooka, ukamfanya aendeshe ameinama kama mtu anayetafuta sindano barabarani. Gia zikaja nyingi kuliko za lori. Babu alitumia moja tu, zingine akasema anaziweka akiba ya uzee, na wakati huo alikuwa amezeeka tayari. Kisha ikaja foki yenye shoki, na hiyo ndiyo iliyomletea sifa ambazo hakuzitafuta, kwa sababu kwenye barabara yetu yenye mawe ilimfanya atikise kichwa njia nzima, na watu wakaanza kusema Mzee Ndambuki amebadilika, siku hizi anasalimia kila mtu.

Kila kilichotolewa kilitupwa kwenye jaa nyuma ya ghala, na mimi, niliyekuwa mtoto wa pekee na nisiye na vitu vingi vya kuchezea, nilivizoa. Nilianza na kengele. Nilirudi nayo nyumbani nikiipiga, na Baba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini polepole. Akaniomba aione. Aliigeuza, akaipangusa kwa shati lake jeupe la kazi, na usiku huo sikurudishiwa. Baadaye nilileta pedali, kisha zile breki za vyuma, kisha kiti kilichopasuka, kisha usukani na magurudumu, na kila kimoja kilipita mkononi mwangu kikaingia chini ya kitanda chao. Jumamosi Baba alikuwa anajifungia nyuma ya nyumba na beseni la mafuta ya taa, anasugua vyuma kwa mswaki. Mswaki wenyewe ulikuwa wa Mama. Nyumba ikanuka mafuta ya taa mpaka ugali ukaanza kuwa na ladha yake, na Mama hakulalamika. Alinunua mswaki mwingine, akauficha.

Mwishowe ikabaki fremu. Spea za kisasa hazikupenda kukaa kwenye fremu ya kizamani, fundi akapiga msasa na kugonga nyundo mpaka ikapata ufa, na Mjomba akaleta nyingine, nyepesi, ya zambarau, yenye stika za moto. Ile ya zamani Babu aliifanya kizuizi cha lango la mbuzi. Kisha tukasikia kwamba Mjomba anataka kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Jioni hiyo Baba hakumaliza chakula, na ugali ulikuwa mzuri. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akaniambia kesho niende kwa Babu nimwombe ile fremu ya kuchezea. Nilikwenda, nikaomba, na Babu akacheka akasema mjukuu wake ana michezo mizito, lakini akanipa. Niliikokota nusu ya njia na nusu iliyobaki ikanikokota yenyewe, maana ni mteremko.

Shule zilipofungwa, Baba aliiunganisha. Ufa aliuchomelea, breki akazikatia raba kutoka kwa tairi la lori, kiti kikashonwa na fundi viatu. Alipomaliza aliiegemeza ukutani, akakaa kwenye kigoda mbele yake, na sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo bila kusema chochote. Sasa hapa ndipo mnapotakiwa kushangaa pamoja nami. Huyu alikuwa mwalimu. Alijua ramani ya dunia nzima kwa kichwa. Lakini Jumapili hiyo alivaa suti, akamkalisha Mama kwenye keria, akanikalisha mimi kwenye mtaimbo wa mbele, akaendesha mahari ya mkewe hadi kanisani kwa wakwe zake, akipiga kengele.

Babu alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa akisoma matangazo. Alikuwa katikati ya tangazo la kikao cha akina mama wakati kengele ilipolia nje, na zile breki zikafuata na wimbo wao. Kila kichwa kanisani kiligeuka. Babu hakugeuka. Aliikunja karatasi ya matangazo, akaiweka ndani ya Biblia, akakaa. Kikao cha akina mama hakikutangazwa mpaka wiki iliyofuata. Wakati wa wimbo nilisikia mama mmoja nyuma yetu akimwambia mwenzake kwamba Mwalimu amejirudishia mahari, na mwenzake akaitikia kwa ile sauti ya kuvuta pumzi ambayo wanawake wa kwetu huitumia kwa misiba na kwa habari tamu.

Jioni wakaja wazee wawili kutoka kwa Babu, Mzee Nzioka na Mzee Kimeu. Walipewa chai. Wakauliza habari za mvua, ambayo wote tuliona haijanyesha. Wakapewa chai tena. Baada ya kikombe kingine Mzee Nzioka akasema wameona fahali amerudi kwenye boma lake la zamani. Baba akauliza fahali gani. Mzee Kimeu akaangalia nje, kule baiskeli ilipokuwa, akaiangalia kwa muda mrefu, na nikaona uso wa Baba ukibadilika taratibu kama mtu anayesoma mtihani na kugundua amejibu swali lisilokuwepo.

"Mwalimu, sisi hatujakuja kugombana," Mzee Nzioka akasema. "Lakini wewe unajua. Mahari ikirudi kwa mwenyewe, na msichana naye anarudi kwao. Hiyo si mambo yetu, ni mila."

Baba angeweza kueleza, lakini kueleza kungekuwa kubishana na baba mkwe kupitia midomo ya wajumbe wake, na nthoni ikamkaba. Mama alikuwa mlangoni na birika. Nilidhani atakasirika, au atacheka, maana Mama alicheka upesi. Aliweka birika chini, akaingia chumbani, akatoka na begi.

"Kama mahari imerudi," akasema, "basi wacha na mimi nirudi."

Alinibusu kichwani, akawatangulia wale wazee njiani. Hata wao walionekana kama watu waliokwenda kuonya kuhusu moto wakajikuta wamebeba kuni.

Wenzangu, niliogopa. Leo naweza kucheka, lakini nilikuwa mtoto wa darasa la tatu na niliamini kila neno lililosemwa na watu wenye fimbo. Nilijua mahari ikirudi mke hurudi, basi Mwaitu, mama yangu, amerudi, na jambo limekwisha. Baba alipika. Ugali wake ulikuwa na unga mkavu ndani kama barua ndani ya bahasha, na sukuma wiki yake ilikuwa nyeusi. Tulikula tukitazamana. Hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona hata yeye hajui. Asubuhi alikwenda kwa miguu popote alipokuwa anakwenda. Hakuigusa baiskeli.

Siku kadhaa zilipita hivyo, kisha nikafikia uamuzi. Nilichukua spana ya Baba, nikaifungua kengele, nikaifunga kwenye kitambaa, nikatembea mpaka kwa Babu. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba, baiskeli ya zambarau imeegemea karibu naye. Nikamwekea kengele juu ya goti.

"Babu, nimerudisha kengele," nikamwambia. "Nipatie Mwaitu hata siku moja. Nitaleta zingine pole pole."

Babu aliitazama kengele. Aliniangalia mimi, akaiangalia tena kengele, kisha akasimama akaenda nyuma ya ghala na akakaa huko muda mrefu sana. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na alisema ni vumbi la mtama. Siku hiyo hiyo akatuma watu waite kikao Jumamosi.

Kikao kilikaa uani kwa Babu, kwenye benchi zilizoazimwa kanisani. Baiskeli zote mbili ziliegemezwa kwenye ghala, ile nyeusi na ile ya zambarau, kama washtakiwa. Wanawake walikuwa jikoni, na mimi nilikuwa huko na Mama na nyanya yangu, ambaye tulimwita Susu. Jiko la Susu lilikuwa la fito zilizokandikwa, na udongo ulikuwa umedondoka mahali pengi, kwa hivyo tulisikia na kuona kila kitu.

Swali lilikuwa moja, na wazee walilitafuna asubuhi nzima: mahari ya Mbithe, yaani Mama, ni ipi? Mzee Nzioka alishikilia kuwa ni ile nyeusi, kwa sababu ndiyo iliyoletwa, kila msumari wake ni wa Migwani, na iko kwa Mwalimu, basi imerudi. Mzee Kimeu akasema hapana, ni ya zambarau, kwa sababu haijawahi kutoka kwenye boma hili. Nzioka akamuuliza ni kitu gani kwenye hiyo ya zambarau kililetwa na Mwalimu. Kimeu akafikiri, akasema ni hewa ya tairi la nyuma. Watu wakacheka. Ndipo Kimeu akauliza kwa upole, ng'ombe wa mahari akizaa kisha akafa, mahari imekwisha? Wote wakasema la, ndama ni mahari. Na akifa ndama baada ya kuzaa? Bado. Basi, akasema, breki ilizaa breki, kiti kikazaa kiti, na hii ya zambarau ni mjukuu. Nzioka akajibu kwamba yeye hajawahi kuona ng'ombe aliyekufa akiendeshwa kanisani na mkwe siku ya Jumapili.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa anakoroga muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayopikwa na maharagwe, na hakucheka.

Hatimaye wakamtaka Baba aseme mwenyewe kwa nini aliunganisha ile baiskeli. Alisimama. Alishika kofia kwa mikono miwili, akatazama chini, na kwa muda nilifikiri nthoni imemshinda tena.

"Mzee, mimi sikuchukua mahari," akasema. "Hiyo baiskeli ilikuwa ya marehemu baba yangu. Sikuwa na kitu kikubwa kuliko hiyo. Nilitoa, na nilirudi kwa miguu nikiwa nimefurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata Mbithe. Sasa nikaona kengele iko kwa jaa. Kesho yake pedali. Nikajiuliza, kama kitu nilitoa kwa ajili yake kinatupwa, watu watasema alikuwa na thamani gani? Nikaanza kuokota. Ni hivyo tu. Sikutaka kitu nilimtolea kioze."

Babu alikuwa ameegemea fimbo yake. Alipoongea hakumtazama Baba, alizungumza na ile baiskeli ya zambarau.

"Na wewe ukafikiri mimi ninabadilisha kwa sababu ya maringo," akasema. "Hapa Mukuyuni wazee wameletewa ng'ombe, hao ng'ombe wakafa na njaa. Unasikia mtu anaambiwa, mahari ya msichana wako ilienda na kiangazi. Mimi nilisema ya Mbithe haitalala. Breki ikiisha, naweka breki. Fremu ikipasuka, naweka fremu, hata kama ni ya rangi hii ya watoto. Hicho kiti kinaniumiza. Hizo breki zimenitupa kwa minyaa. Lakini kila siku ya soko watu wananiona niko juu ya mahari ya mtoto wangu na inatembea. Sasa Jumapili nikakuona umekuja na nyingine inang'aa, nikajua unaniambia sikuitunza."

Baba akakaa. Mzee Nzioka alijipangusa pua. Jikoni mwiko wa Mama ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Muthokoi ulikuwa unaungua, harufu ikajaa jiko lote, na Susu, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu aunguze chakula kwenye jiko lake, alimwangalia tu binti yake.

Uamuzi ulitoka kabla ya chakula, kama uamuzi wa wazee unavyotoka siku zote palipo na matumaini ya nyama. Ya zambarau ndiyo mahari, na haijaondoka, kwa hivyo Mbithe ni mke wa mtu. Ile nyeusi ni ngozi ya fahali aliyekufa, na ngozi ni ya mwenye boma, naye Babu akasema ngozi hiyo anampa mjukuu wake aliyeleta kengele. Baba akatakiwa kuleta mbuzi kwa kosa la kutoongea, na Babu akatakiwa kuleta mwingine kwa kosa lilo hilo. Kwa miaka iliyofuata Baba alilazimika kuniomba ruhusa kila alipotaka kwenda sokoni kwa baiskeli, na nawaambia ukweli, kuna asubuhi nilimnyima.

Kwa muda mrefu niliamini ni kikao kile kilichomrudisha mama yangu nyumbani. Niliwahesabu wazee wale kuwa watu wa ajabu, kwa jinsi walivyoweza kuona ndama ndani ya breki. Hata nilipokuwa mkubwa, Babu akiwa ameshatutoka na Baba amestaafu, niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya wanaume wawili na baiskeli mbili, na watu walicheka, nami nikacheka nao. Sikuona kwamba kuna mtu mmoja ambaye kikao kizima kilikuwa kinamhusu, na ambaye hakuulizwa kitu.

Siku wazee wa mchumba wangu walipoleta mbuzi wangu mwenyewe wa ntheo, nilikuwa jikoni na Mama tukiwapikia wageni, na sauti za wanaume zilikuwa zinatufikia kutoka nje. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Alijua tangu mwanzo kwamba Baba hakuwa na nia mbaya, alikuwa amemwona akisugua vile vyuma, yeye ndiye aliyenituma nikaombe fremu. Neno lake moja kwa Babu lingemaliza mambo. Kwa nini alikubali kurudi kwao?

Aliendelea kuchambua mchele. Akaniambia kwamba Baba hakuwa amemwambia hata mara moja, tangu siku ya harusi, kama aliona amepata au amepoteza siku ile aliyorudi kwa miguu. Babu naye hakuwa mtu wa kumwambia binti neno la kumfurahisha. Wote wawili waliongea na baiskeli. Alichoka kuona mapenzi yao kwake yakipakwa grisi chini ya kitanda na yakifungwa breki mpya Emali, na yeye mwenyewe akiwa hapo na masikio mawili. Alitaka wakae mahali pamoja, mbele ya mashahidi, mpaka waseme. Hapo nikaelewa mwiko uliosimama ndani ya sufuria, na nikaona haya kwamba miaka yote hiyo nilicheka hadithi bila kuijua.

"Na ulijuaje watasema, Mwaitu?" nikamuuliza.

"Sikujua," akasema. "Ndiyo maana nilibeba nguo zangu zote."